Amefika Wapi

Jumamosi, saa moja kasoro robo, Donholm bado ina ukungu.
Mlinzi ananifungulia geti huku akipiga mwayo.
"Mwalimu wa tuisheni!" ananitangaza, kwa paka nadhani,
maana hakuna mwingine aliyeamka
ila Nkatha, na wazazi wake,
na kalenda ya bucha iliyopigiliwa juu ya friji,
ambayo Mzee Mutwiri huipiga mkasi wa wino mwekundu
siku moja moja, kama mtu anayelipa deni.

Mtihani uko mbali. Miaka miwili na miezi mitatu.
Nilimwambia hivyo siku ya kwanza,
nikiwa mjinga wa biashara yangu mwenyewe.
Akanijibu: chelewa chelewa, utampata mwana si wako.
Mkewe, kutoka jikoni: haraka haraka haina baraka.
Ndipo nikajua wahenga hawana msimamo,
wako upande wa yeyote anayefungua kinywa.
Mimi niko upande wa anayelipa:
mia nane kwa saa, kwa simu,
kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu.

Kozi keshaichagua: udaktari.
Chuo keshakichagua.
Koti jeupe nasikia amelipima kwa macho huko mjini, akauliza bei.
"Amefika wapi?" huniuliza mlangoni kila wiki,
kama anayeulizia lori lake la mitungi ya gesi
lililokwama Mlolongo.
Nami humtajia ukurasa.

Sijamwambia nilikosa alama mbili.
Mbili tu, mlango nilioutaka ukafungwa,
nikaingia mwingine, nikatokea hapa
kwenye meza ya mtu, na chai yenye maziwa mengi kuliko nyumbani,
na mkobani karatasi kumi na mbili za miaka iliyopita
ambazo nimezijua hadi pale mpiga chapa alipokosea nukta.

Leo mezani hakuna kitabu.
Kuna glasi tano, za wageni, zenye midomo ya dhahabu.
"Nimechemsha maua ya langoni," asema Nkatha,
vidole vimeiva zambarau hadi kwenye kucha.
Bogenvilia. Ile tunayoipita sote tukikwepa miiba yake.
Glasi ya kwanza, ndimu: rangi ile ile, imetulia.
Ya pili, maji ya majivu ya nyama choma ya jana:
manjano, manjano ya kutisha.
Ya nne, sabuni ya kufulia.
Ya tano, mate yake kabla ya mswaki.
("Ya baada ya mswaki nitapima kesho, Mwalimu, usinicheke.")

Na ya tatu?
Ya tatu ni kidonge cha kiungulia cha babake,
kile anachokitafuna kama njugu tangu nianze kuja.
"Kama kinaua asidi tumboni," asema,
"mbona hapa rangi imekataa kugeuka?"

Nikainama. Nikainusa, kana kwamba jibu lina harufu.
Hilo swali haliko kwenye karatasi zangu, hata moja.
Nikasema neno ambalo sijawahi kulisema nikiwa nalipwa:
sijui.

Akafurahi! Akavuta kiti.
Tukatia majivu, kijiko cha chai kwa kijiko cha chai,
tukahesabu, tukabishana, tukasahau kuhesabu,
tukaponda kidonge cha pili, cha tatu,
jua likapanda likaikuta meza imelowa
na saa moja imekuwa mbili bila malipo.
Mpango wangu ulikuwa mkobani, umebanwa kwa pini,
haukudai kitu.

Mlango. Mzee Mutwiri, taulo begani,
kalamu nyekundu tayari mkononi.
"Amefika wapi?"
Nikatafuta ukurasa. Sikuupata.
"Glasi ya tatu, mzee," nikasema.

Na kutoka jikoni, sufuria ikitua kwa kishindo:
"Glasi zipi?"